Tuwajue Nyoka na Mijusi wa Kwetu

Nyoka unamjua. Umemwona shambani, umemwona njiani, labda umemwona hata ndani ya nyumba. Lakini ukiulizwa alikuwa nyoka gani, mara nyingi jibu ni moja tu: "Nyoka ni nyoka. Tulimwua."

Somo hili linataka kukuonyesha kwamba nyoka hawafanani. Yuko wa kuogopwa, yuko wa kuachwa apite, na yuko wa kushukuriwa. Mtu anayewajua kwa sura na kwa makao yao hujua mahali pa kuweka mguu na mahali pa kutotia mkono. Na siku mtu akiumwa nyumbani kwake, hapotezi muda kumtafuta aliyemtuma nyoka.

KISA CHA BINTI LOSI

Katika karne ya 19 Tabora ilikuwa njia panda ya misafara. Njia kubwa ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe, yaani huku kwetu. Kisha iliendelea mpaka Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walitembea mmoja nyuma ya mwingine, na kirangozi mbele yao. Njia ilikuwa nyembamba. Majani yaliinama pande zote mbili, na watu wengi walikwenda miguu mitupu.

Mwaka 1873 ulipita msafara usio wa kawaida. Watu wake walibeba maiti ya Dakta David Livingstone, ambaye alifariki katika nchi inayoitwa sasa Zambia. Mwaka mmoja kabla ya hapo Livingstone alikuwa amekaa Kwihara, karibu na mji wa Tabora. Viongozi wa msafara walikuwa Chuma na Susi. Walifika Unyanyembe mwezi wa Oktoba, wakapumzika, kisha wakashika njia ya pwani.

Katika msafara huo alikuwamo binti mdogo jina lake Losi. Siku moja, baada ya kuondoka Unyanyembe, Losi alikuwa akitembea na mtungi wa maji kichwani. Ghafla nyoka mkubwa akakatiza njia, akamgonga pajani, akakimbilia shimoni. Wenzake walimbeba na kujaribu kila dawa waliyokuwa nayo. Dakika 10 hazikutimia, Losi akafa. Walimzika huko huko njiani.

Habari haikuishia hapo. Watu wa msafara walipofika Unguja, Mwarabu mmoja aliyepita njia ile ile aliwaambia jambo la kushangaza. Mahali pale pale nyoka alimwuma mtu mwingine, naye akafa. Walipotafuta pa kumzika wakaliona kaburi la Losi, wakamzika kando yake. Habari hizi zilichapishwa Uingereza mwaka 1874, pamoja na maandishi ya mwisho ya Livingstone. Mhariri wa kitabu hicho alidhani kwamba nyoka huyo alikuwa koboko.

Sasa tujiulize. Kwa nini watu wawili waumwe mahali pamoja? Najua jibu ambalo wengi wangetoa hata leo: nyoka huyo alitumwa. Lakini ukimjua koboko, huna haja ya kumtafuta mtu aliyemtuma. Koboko akipata shimo zuri katika kichuguu au chini ya mawe, hukaa humo muda mrefu, na kila siku hutoka na kurudi. Njia ya misafara ilipita mlangoni kwake. Ni kama mtu aliyejenga nyumba kando ya barabara kuu. Atakutana na wapita njia kila mara.

MWILI WA NYOKA

Nyoka hana masikio ya nje kama sisi. Ulimi wake unaochezacheza si mkuki, wala hautii sumu. Kwa ulimi huo huokota harufu hewani, akajua kama mbele kuna panya, kuna nyoka mwenzake, au kuna mtu. Tumbo lake likiwa ardhini husikia mtikisiko wa hatua zako. Kwa hiyo ukitembea kwa kishindo unampa taarifa, naye huondoka kabla hujamwona. Nyoka wengi tunaopishana nao hatuwaoni kabisa.

Hana kope. Ndiyo sababu anaonekana kama anakukazia macho bila haya. Hafumbi macho hata akilala.

Damu yake haina joto la kudumu kama yetu. Asubuhi huota jua ndipo apate nguvu. Jioni wengine hulala barabarani, kwa sababu udongo bado una joto la mchana. Hapo ndipo watu wengi huwakanyaga.

Anapokua, ngozi ya nje humbana, naye huivua nzima nzima kama soksi. Huko ndiko kujivua gamba, maneno yaliyosikika sana katika siasa zetu mwaka 2011. Ukiona gamba ndani ya nyumba, jua kwamba mwenye gamba alipita, na kwamba alikuja kwa sababu fulani. Mara nyingi sababu hiyo ni panya.

KOBOKO

Watu wengi hufikiri kwamba koboko ni mweusi tii. Sivyo. Mwili wake ni wa kijivu au wa rangi ya udongo wa mfinyanzi. Kilicho cheusi ni ndani ya kinywa chake. Akikasirika hupanua kinywa, na weusi huo huonekana. Ni mwembamba na mrefu. Wengi hufika meta 2 na nusu, na wengine hupita meta 3. Hupenda vichuguu, miti yenye uwazi na majabali. Katika misitu yetu ya miombo vitu hivyo vyote vipo tele.

Husemwa kwamba koboko humkimbiza mtu. Ni kweli kwamba ana mbio kuliko nyoka wengine, lakini mbio zake ni za kwenda shimoni. Ukisimama kati yake na shimo lake utaona kama anakufuata, kumbe anakwenda kwake. Ukimwona, simama. Kisha rudi nyuma taratibu na umwachie njia.

Hata hivyo, sumu yake ni kali sana. Hushambulia mishipa ya fahamu. Kope za aliyeumwa huanguka, ulimi huwa mzito, mate humtoka kwa sababu hawezi kumeza, na mwisho pumzi husimama. Asipotibiwa hospitali, hapana matumaini ya kupona. Losi alikufa upesi mno, na alikuwa mtoto. Mtu mzima kwa kawaida huwa na saa kadhaa. Saa hizo ndizo maisha yake, nitazirudia mbele.

KIFUTU

Kama koboko ana sifa ya ukali, kifutu ana kazi kubwa zaidi ya kuumiza watu. Wengine humwita bafe au moma. Ni mfupi na mnene kama mkono wa mtu mwenye nguvu. Kichwa chake ni kipana, shingo ni nyembamba, mgongoni ana alama zilizopangwa kama herufi V. Rangi zake ni za majani makavu na udongo, hata unaweza kumtazama usimwone.

Kosa la kifutu ni uvivu. Nyoka wengine wakisikia kishindo hukimbia. Yeye hubaki palepale, akitegemea rangi yake imfiche. Hulala katikati ya njia, chini ya lundo la majani ya karanga, au kando ya kuni. Akisumbuliwa hujaza hewa na kutoa mlio mkubwa, "fuuuu!" Ukisikia mlio huo, usisogeze mguu mbele mpaka umemwona.

Kifutu hatagi mayai. Huzaa watoto hai, mara nyingi 20 mpaka 40 kwa mara moja. Kifutu mmoja aliyetoka Kenya, akafugwa katika bustani ya wanyama huko Ulaya, alizaa watoto 156! Na watoto hao wana sumu tangu siku ya kwanza. Usiseme, "Huyu ni mdogo."

Sumu yake huharibu nyama. Mguu huvimba sana, ngozi hutoka malengelenge, nyama huoza. Wengi hawafi, ila hubaki na mguu usiofaa au hukatwa kiungo. Kwa mkulima anayeishi kwa jembe, hiyo nayo ni hasara kubwa.

SWILA

Swila ni jamii moja na fira. Huinua kichwa na kutanua shingo. Wa kwetu wengi ni weusi au wa kijivu, na shingoni chini wana mkanda mweusi. Huyu hutema sumu kupitia meno yake, akilenga macho, na sumu hufika meta 2 au zaidi. Ikiingia machoni huwasha kama pilipili na yaweza kupofua. Dawa yake ni maji safi, maji mengi, tena upesi. Lala, fumbua macho, mtu akumiminie maji polepole kwa muda mrefu. Usifikiche. Kisha nenda ukapimwe, hata kama maumivu yamepungua.

Lakini swila pia huuma, na huuma usiku. Huingia nyumbani kutafuta panya, vifaranga na mayai. Mtu aliyelala chini kwenye mkeka hugeuka, humlalia, naye swila huuma. Mara nyingi anayeumwa hivyo ni mtoto. Ikiwa unacho kitanda, walaze watoto juu. Ikiwa huna, tumia chandarua, na ukichomeke vizuri chini ya mkeka au godoro pande zote. Chandarua kile kile kinachozuia mbu humzuia na nyoka. Sijui chombo kingine cha bei ndogo kinachofanya kazi mbili kubwa namna hiyo.

WADOGO WENYE HILA

Yuko nyoka mdogo mweusi anayeng'aa, asiyefika hata urefu wa mkono wako. Hukaa ardhini na hutoka usiku baada ya mvua. Anaonekana mpole na wa kuchezewa. Usimshike hata kidogo. Meno yake ya sumu hutokeza pembeni mwa mdomo, na huchoma bila kufungua kinywa. Hata ukimshika nyuma ya kichwa kama wafanyavyo mafundi, atakuchoma kidole. Maumivu ni makali na kidole chaweza kuoza.

Mitini kuna wawili wa kuangaliwa. Mmoja ana macho makubwa sana na kichwa kifupi. Dume wake mara nyingi ni wa kijani, jike ni wa kahawia. Mwingine ni mwembamba mno kama kijiti kikavu, na hukaa kimya tawini. Wote wawili ni waoga na ni nadra sana kuuma. Lakini wakiuma, sumu yao huzuia damu isigande. Mtu hukaa vizuri siku nzima, kesho yake huanza kutoka damu kwenye fizi na puani. Kwa hiyo asije mtu akakuambia, "Hajavimba, basi amepona."

WASIO NA UBAYA

Nyoka wengi unaowaona hawawezi kukuua. Duniani kuna aina zaidi ya 4,000 za nyoka, na zenye sumu ni kama 600 tu.

Nyoka wa nyumba ni wa kahawia, na kichwani ana mistari miwili myeupe inayopita kwenye macho. Hana sumu. Chakula chake ni panya, humkaba mpaka afe. Hebu piga hesabu mwenyewe. Panya mmoja hula mahindi na karanga zako kila usiku, na huzaa mara nyingi kwa mwaka. Nyoka huyu huingia katika tundu ambalo paka hawezi kuingia, akala mama na watoto. Ukimwua umewasaidia panya.

Yuko nyoka anayekula mayai ya ndege tu. Hana meno ya maana. Akitishwa husugua magamba yake na kutoa mlio, akijifanya kifutu, na watu humwua kwa kudhani hivyo. Wako wale wembamba wenye mistari wanaokatiza njia mchana kama mshale. Wanakimbilia mijusi, hawana haja na wewe.

Tena yuko nyoka kipofu, mdogo kama mnyoo mkubwa, anayekaa kwenye vichuguu na kula mchwa. Mkia wake ni butu kama kichwa. Nyoka wa namna hiyo huwafanya watu waseme kwamba yuko nyoka mwenye vichwa viwili, ndumilakuwili, anayeuma huku na huku. Neno hilo sasa tunampa mtu mnafiki. Wanafiki wapo, hilo halina ubishi. Nyoka kipofu hana kosa lolote.

Chatu hana sumu. Hukamata mnyama kwa meno, humzungushia mwili na kukaza mpaka damu ya mnyama ishindwe kuzunguka. Jike hutaga mayai 30 mpaka 50 au zaidi, huyazungushia mwili na kuyalinda mpaka yaanguliwe. Ni kweli huchukua mbuzi na kuku. Lakini akionekana karibu na kijiji, mwiteni afisa wanyamapori. Chatu ni mnyamapori, na kumwinda bila kibali ni kosa kisheria.

MIJUSI

Hapa nitasema jambo ambalo wasomaji wengine watalikataa. Katika Afrika Mashariki yote hakuna mjusi mwenye sumu ya kumdhuru mtu. Hakuna hata mmoja.

Mjusi kafiri hukaa ukutani na darini. Usiku huja karibu na taa, akala mbu na wadudu wengine. Akiangukia mbogani, tatizo ni uchafu kama wa inzi, si sumu. Funika chungu. Mkia wake ukikatika huruka-ruka peke yake. Hiyo ni mbinu yake ya kumfanya adui ashughulike na mkia, mwenyewe atoroke. Mkia mwingine huota.

Mjusi mwenye kichwa cha samawati huonekana kwenye mashina ya miti, akitikisa kichwa juu na chini. Watoto husema anawatukana. Kumbe anawaambia madume wenzake kwamba mti huu una mwenyewe.

Kinyonga ndiye anayeonewa kuliko wote. Watu wazima wenye nguvu, wanaoweza kumkabili fisi, hukimbia wakimwona kinyonga. Yeye hana meno ya kukuumiza, hana sumu, na hana mbio hata za kumkimbia mtoto. Jicho moja hutazama mbele, la pili nyuma. Ulimi wake huchomoka na kunasa panzi aliye mbali kuliko urefu wa mwili wake. Jike hushuka mtini, huchimba shimo, hutaga mayai, hufukia, na kwenda zake. Mayai hukaa ardhini miezi mingi. Mwenye bustani ya mboga akimwona kinyonga amwache afanye kazi.

Kenge ni mkubwa. Wa nchi kavu hukaa mashimoni na kwenye vichuguu. Wa majini utamwona kwenye mito kama Ugalla na kwenye mabwawa. Huiba mayai na vifaranga, hilo hatuwezi kulificha. Akibanwa hupiga kwa mkia na huuma kwa nguvu, na kidonda kioshwe vizuri. Lakini hana sumu ya kumdhuru mtu. Wahenga walisema kwamba katika msafara wa mamba na kenge wamo. Nao walijua walichosema, maana kenge wa majini hufukua mayai ya mamba na kuyala. Kwa hiyo katika msafara ule anafuata chakula. Jike lake naye ana akili: wakati wa mvua hubomoa kichuguu kibichi, hutaga ndani, na mchwa wenyewe huziba tundu. Mayai hubaki kwenye nyumba yenye joto na ulinzi.

KAZI ZETU NA NYOKA

Fikiri juu ya siku yako. Asubuhi unaokota kuni. Usitie mkono chini ya gogo. Ligeuze kwanza kwa fimbo ndefu, na livute kuelekea kwako ili kilicho nyuma kikimbilie upande wa pili. Rundo la kuni za bani la tumbaku ni nyumba nzuri ya nyoka na panya, kwa hiyo liwe mbali na mahali pa kulala. Wakati wa kuvuna karanga na kukata mpunga mbugani, vaa viatu vya kufunika mguu kama unavyo. Mabuti ni bora. Katambuga ni bora kuliko mguu mtupu, lakini hazifuniki kifundo, na vifutu wengi huuma kwenye kifundo na chini yake.

Mfugaji nyuki agonge mzinga mtupu kabla ya kuingiza mkono. Usiku tumia tochi, hata ya simu, hata kama unakwenda chooni tu. Fyeka majani kuzunguka nyumba. Ziba mashimo ya ukutani. Weka nafaka mahali panya hawafiki. Panya wakiondoka, nyoka hana la kufuata.

Na usijaribu kumwua kila nyoka unayemwona. Watu wengi huumwa wakati wanapojaribu kuua. Nyoka aliye porini mwache. Aliye ndani ya nyumba, watoe watu kwanza, mfungulie mlango, mwangalieni kwa mbali.

MTU AKIUMWA

Ondokeni mahali alipo nyoka. Msimfukuze ili kumpeleka hospitali. Mganga atatibu kwa kutazama dalili, na inatosha kueleza mlichokiona. Mgonjwa alale, atulie. Hofu na kutembea huenda vikasambaza sumu haraka. Vua pete, bangili, kiatu, na nguo inayobana, kwa maana kiungo kitavimba. Funga ubao au fimbo iliyonyooka kando ya mguu au mkono, kama mnavyofunga aliyevunjika, ili usichezechezwe. Akitapika au akiwa na usingizi mzito mlaze ubavu. Mtazame saa mtu alipoumwa, mwiandike.

Kisha safari ianze.

Yako mambo ambayo watu hufanya kwa nia njema na yanaua. Kufunga kamba kwa nguvu juu ya kidonda hufungia sumu ya kifutu au ya swila mahali pamoja, na mguu wote huoza. Kuchanja kwa wembe huongeza damu na uchafu. Kufyonza kwa mdomo hakutoi sumu iliyokwisha ingia. Petroli na moto huunguza tu. Jiwe jeusi la nyoka hushika kwenye kidonda kwa sababu lina vitundu vidogo vinavyovuta unyevu. Sumu iliyokwisha kwenda ndani haifikii.

Utaniuliza: mbona waganga wetu huponya? Swali hili ni zuri. Unyamwezi na Usukuma wana mafundi wa nyoka tangu zamani, Wayeye, ambao hukamata nyoka, hucheza nao ngomani na kutibu kwa dawa za miti. Mtafiti Hans Cory aliandika habari zao mwaka 1946. Watu hawa wanawajua nyoka kuliko wasomi wengi, na ujuzi huo nauheshimu. Lakini tazama hesabu. Watu wengi huumwa na nyoka wasio na sumu. Hao wangepona bila dawa yoyote. Tena nyoka mwenye sumu anaweza kuuma bila kutia sumu. Huyo naye angepona. Wote hao wakipewa mizizi, sifa huenda kwa mizizi. Anabaki yule mmoja aliyetiwa sumu ya koboko, naye mizizi haimfikii. Kwa kuwa hujui mtu wako yuko katika kundi lipi, saa zake usizitumie kwa majaribio.

Dawa inayofuta sumu iko. Hutengenezwa kwa kumchoma farasi sumu kidogo kidogo mpaka damu yake ijenge kinga. Kinga hiyo husafishwa na kutiwa katika chupa. Hutolewa kwa mshipa na mganga hospitali, kwa sababu yaweza kumdhuru mgonjwa asipoangaliwa. Haifanyi kazi kwa kila nyoka, lakini kwa koboko, kifutu na swila iko dawa.

Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka kwa kuumwa na nyoka. Mwaka 2017 shirika hilo liliweka tatizo hili katika orodha ya maradhi yaliyosahauliwa. Wanaokufa ni wakulima, wafugaji na watoto wao, watu walio mbali na hospitali.

Huko Nepal, nchi ya wakulima kama sisi, vijiji kadhaa vilijipanga. Wenye pikipiki walijitolea kumbeba aliyeumwa saa yoyote. Mgonjwa alikaa katikati, dereva mbele, na mtu wa tatu nyuma akimshika. Kabla ya mpango huo, katika kila watu 100 walioumwa walikufa kama 10. Baadaye hakufa hata 1 kwa 100. Nyoka walikuwa wale wale, na dawa ilikuwa ile ile.

Zahanati nyingi hazina dawa hiyo, na hata hospitali hupungukiwa. Kwa hiyo swali la kuuliza si la usiku ule wa kilio. Ni la leo. Mtumeni mtu mmoja wa darasa akamwulize mganga wa zahanati: dawa ya sumu ya nyoka iko wapi iliyo karibu? Kituo cha afya? Hospitali ya wilaya? Au mpaka Kitete, Tabora mjini? Akirudi na jibu, chukueni karatasi kubwa na kalamu ya wino mzito. Andikeni jina la hospitali hiyo. Chini yake andikeni majina ya watu watatu wa kijiji wenye pikipiki, na namba zao za simu. Andikeni na njia ipitikayo wakati wa masika, maana ya kiangazi kila mtu anaijua. Bandikeni karatasi hiyo kwenye ofisi ya kijiji, na nyingine kwenye mlango wa darasa, kwa herufi kubwa, ili hata aliyeanza kusoma mwezi uliopita aweze kuisoma kwa taa ya simu.